Mama wa Karatasi

Kando ya msitu, 6 Juni 1976

Dada yangu Colette,

Salamu kutoka kwetu. Tunaamka, na miguu ya Mama bado inambeba. Kikohozi chako je?

Jumapili padri alionyesha filamu yako kwenye ukuta wa kanisa. Sisi Batwa, watu wa msitu, tulikaa mbele, safari hii. Watu wako wa karatasi wanatembea kweli! Mama alipojiona akifukuzwa msituni na kikapu chake, alipiga kelele: "Ni miye huyo! Lakini pua yangu haiko kubwa vile!" Tulicheka mpaka machozi.

Lakini umeonyesha pia njia ya kaburi la Papa aliyetuzaa: mto, jiwe lenye mgongo wa sokwe, mti wa asali. Adalbert, mlinzi wa msitu, hakucheka. Aliniuliza: "Ile jiwe iko ya kweli?" Unajua tumekatazwa kuingia msituni, na Mama huingia kwa siri kila kiangazi kufagia kaburi. Na jirani yetu Isidore, walinzi walimpiga risasi kwa ajili ya asali tu. Ninaogopa.

Mkubwa wako,
Constantin

Bukavu, 14 Juni 1976

Kaka Constantin,

Nakusalimu wewe na Mama. Kikohozi kimepona, usingizi ndio umenikimbia.

Nilidhani ninachora maisha yangu tu. Unapiga picha, unasogeza mguu wa karatasi kidogo, unapiga nyingine. Nilichora kila jiwe nisije nikamsahau Papa. Sasa kipande cha njia hiyo nimekikata kwa mkasi, lakini macho ya Adalbert siwezi kuyakata. Mzuie Mama. Mwambie Papa atangoja.

Mdogo wako,
Colette

Kando ya msitu, 23 Juni 1976

Colette,

Unisamehe, sina salamu. Barua yako ilifika jana. Mama alikuwa ameondoka juzi. Filamu ilimtia haya, maana ulichora kaburi safi. Alisema: "Mutoto amelifagia mu karatasi, na miye niliache na majani?"

Tangu jana Adalbert haonekani, wala bunduki yake. Ninaingia msituni kumtafuta Mama.

Constantin

Bukavu, 5 Julai 1976

Kaka yangu,

Mko wazima? Dereva wa lori la chai anasema mlango wako umefungwa.

Nilikuwa nimeanza filamu nyingine: Mama anarudi nyumbani. Yule wa karatasi yuko mezani chini ya kamera, mguu mmoja juu. Wenzangu wa filamu wananihimiza: "Musogeze basi!" Sithubutu.

Nampa dereva barua hii. Mrudishie neno moja tu, kwamba Mama amefika, nami nitaushusha mguu.

Mdogo wako,
Colette