Kijiwe cha Kioo na Jibu la Posa

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikangoja marahaba yako, na Rajabu akaniuliza mbona nimeshika kalamu hewani. Nikamwambia nangoja. Hakucheka. Basi huyo ndiye mume niliyempata, na nusu ya barua hii nitamsifu yeye, unisamehe.

Nimeolewa, Baba. Hii ni wiki ya tano. Tunakaa Kinondoni, chumba kimoja na kibaraza. Asubuhi akienda kazini posta namtazama na baiskeli yake mpaka apotee kwenye minazi, kisha narudi ndani naanza kumngoja, na hata saa mbili haijafika! Nina furaha mpaka naona haya. Halafu katikati ya furaha hiyo, napepeta mchele au nakunja shuka, linanijia swali moja na mikono inasimama. Je, uliridhia? Nalia na kucheka kwa siku moja, mara nyingine kwa saa moja, na sijui lipi ni langu hasa.

Uliondoka katikati ya jambo, ndiyo shida.

Mshenga alipoleta barua ya posa ulimwambia, "Njooni Ijumaa ya pili, jibu litakuwa tayari." Hukusema ndiyo, hukusema la. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimeuma upindo wa kanga. Alhamisi yake kifua kikakubana asubuhi, na kabla ya adhuhuri... siwezi kuandika hapo. Ijumaa mshenga alikuja kama mlivyoahidiana, akakuta watu wamekaa matanga.

Ndipo Mama aliponiambia. Jumatano, sisi tulipokuwa sokoni, ulijifungia chumbani na ile mashine yako ya enzi za Mdachi. Mama alipotangulia kurudi ukamwambia, "Jibu nimelitia humu. Hao wazee wakija nitawasikilizisha wabaki vinywa wazi." Wewe, fundi saa usiyeweza kusema maneno kumi mbele ya wageni bila kutazama viatu vyako! Ulitaka pembe ya shaba ikusemee.

Majirani wa Temeke waliiita kinanda, nawe hukuchoka kuwasahihisha. Kinanda, ulisema, kinaimba tu, lakini fonografu inasikia na inasema. Ulinionyesha nikiwa mdogo. Bomba la nta, ukubwa wa gilasi, linazunguka, na kisu chembamba kinachora sauti juu yake. Ukitaka kuisikia, unatoa kisu na kuweka kijiwe cha kioo, kijipira kidogo kama yai la chawa, kipite polepole katika mfereji uleule. Nilikuuliza sauti inakaa wapi wakati mashine imelala. Ukasema, "Inangoja, kama wewe unavyongoja shule ifunguliwe."

Baada ya arobaini yako tulikaa watatu, Mama, Baba mkubwa Kondo na mimi, tukaifungulia. Ilitoka mikwaruzo tu. Kwenye kijiwe nikaona unga mweusi unakusanyika, nta yenyewe, Baba, maneno yako yanakwanguliwa! Nikapiga kelele nikanyanyua mkono wa mashine. Nilipovaa ile miwani yako ya jicho moja, ya kutazamia saa, nikaona kijipira si kijipira tena. Upande mmoja kimelika, kimekuwa bapa na ukingo mkali. Kila mzunguko ungekula jibu lako.

Baba mkubwa akasema, "Anayekataa posa hukataa palepale. Mdogo wangu aliomba siku, basi alikuwa anakubali." Mama alipotoka eda, Baba mkubwa ndiye aliyenioza. Nami sikubisha hata kidogo. Je, nilimwamini, au nilimtaka Rajabu? Nimejiuliza mpaka maswali yamesokotana kama uzi wa cherehani, na nikivuta huku yanakaza kule.

Kuna jambo jingine, ambalo sikumwambia mtu mpaka wiki ya pili ya ndoa yangu. Ni mimi niliyekiharibu kijiwe. Likizo ya mwaka wangu wa pili wa sekondari nilitaka kukufurahisha. Nikaisugua pembe kwa ndimu na jivu kama tunavyosugua sinia, ikang'aa mpaka nikajiona meno. Kisha nikaona kijiwe nacho kina vumbi. Nikachukua jivu, nikaongeza mchanga kidogo, nikakisugua kwa bidii yangu yote. Uliporudi ukaipiga, ukasikiliza, ukasema tu, "Mashine imezeeka." Ukaifunika kwa kitambaa. Nami nikanyamaza, miaka mitatu, nikikupikia chai kila jioni na kunyamaza.

Nilipomweleza Rajabu, nilidhani atashangaa ameoa mtu wa namna gani. Akaniuliza, "Kioo kinatengenezwaje?" Basi! Siku ya mapumziko tukaenda Temeke alfajiri, akaifunga mashine kwenye baiskeli kwa kanga mbili za Mama, tukarudi kwa miguu kabla jua halijawa kali. Bomba la nta nililibeba mwenyewe, limefungwa pamba ndani ya mtungi mkavu ili lisilainike. Njia nzima aliniimbia vibaya, kwa makusudi, nisiwe na hofu.

Kabla hatujaondoka Temeke, kwenye mtoto wa meza yako nilikuta kichupa cha dawa, na ndani yake vijipira vitatu vya kioo. Kimoja kikubwa mno, kimoja kimepinda kama tone la jasho, cha tatu kina povu ndani. Nilikaa chini sakafuni. Kumbe ulikuwa unakitengeneza kipya, kwa ajili ya ile Ijumaa.

Nikakumbuka somo la kemia. Mwalimu wetu alitufundisha kushika kibomba cha kioo katika moto mpaka kiwe laini kama gundi, kisha kuvuta mikono haraka, na katikati hutoka uzi mwembamba kuliko unywele. Uzi huo ukiurudisha motoni, ncha yake hujikunja yenyewe ikawa duara. Sikuwahi kudhani somo lile litanifaa duniani! Tuliwasha taa yako ya spiriti barazani. Kibomba nilikipata kwenye chupa ya dawa ya macho. Bi Tatu, mwenye nyumba, alipita akasimama, mikono kiunoni.

"Mwari hina haijafutika, badala ya kupika wali anapika vioo! Rajabu mwanangu, utakula nini?"

"Nitakula vioo, mama," akajibu, na hakutoa macho yake motoni.

Kijipira cha kwanza kilianguka, tukakitafuta kwa magoti mpaka vichwa vyetu vikagongana, na hapo tulipoteza muda kidogo, Baba, usiniulize. Vingine viliharibika, vikafuata vyako kichupani. Siku ya tatu nikapata kimoja cha mviringo, safi, ambacho hata kwa miwani yako hakikuwa na doa. Rajabu akaleta kipande cha lakiri, ile ya kufungia vifurushi, akayeyusha tone, tukakisimamisha kwenye kishikio chake.

Halafu hatukuipiga. Siku nne ilikaa mezani. Kila nikiigusa narudisha mkono, maana kijiwe kikiwa hakifai nitayafuta maneno yako kwa mara ya pili, na kikifaa huenda nikasikia la. Mwishoni Rajabu alisema kwa sauti ndogo, "Na kama alinikataa?"

Akajijibu mwenyewe, "Basi nitamtuma mshenga upya."

"Kwa nani? Baba hayupo."

"Kwa Mama. Kwa Baba mkubwa. Kwa hii pembe, ikibidi."

Jumapili, baada ya alasiri, niliteremsha kijiwe. Kwanza upepo. Kisha kikohozi chako. Baba! Kikohozi chako chenyewe, kile cha kuanzia kila jambo. Nikamshika Rajabu mkono mpaka akaguna. Nilikuwa nimejiandaa kusikia jina langu. Ukasema, "Inazunguka? Haya. Rajabu, nasema na wewe, kwani anayejibiwa ni aliyeposa."

Yeye akasimama wima kama yuko mbele yako. Akavaa hata kofia.

Nayaandika maneno yako hapa kama yalivyotoka. "Binti yangu anapenda kusugua. Amesugua hata kijiwe changu kwa jivu, akakiharibu, anadhani sijui. Sikumwambia. Siku ile pembe iling'aa kuliko siku niliyoinunua, na yeye alikuwa amesimama mlangoni anangoja nifurahi, basi nikafurahi. Wewe kama unaweza kunyamazia jambo la namna hiyo, utakaa naye vizuri. Mimi nimeridhia. Ila nina sharti moja, nalo ni..."

Hapo ukakohoa tena, kwa muda mrefu. Na nta ikaisha.

Nta ilikuwa imefika ukingoni, Baba! Wewe uliyepima saa za watu maisha yako yote hukupima lile bomba. Nililia, nikacheka, nikalia kwa kuwa nimecheka. Ulijua. Miaka mitatu nakunyamazia, nawe unaninyamazia, tunanyweshana chai.

Sasa nyumba nzima ya Temeke inabishana. Sharti gani? Mama anasema ulitaka nisihamishiwe mbali naye. Baba mkubwa anaapa ulikuwa unadai kilemba kizuri zaidi, na amemtazama Rajabu kwa jicho la kudai. Rajabu mwenyewe ameacha sigara, pengine ilikuwa hiyo, na kila Ijumaa anampelekea Mama samaki, pengine ilikuwa hiyo, na juzi amekwenda kuniulizia nafasi ya kufundisha, kwani alisema baba aliyempeleka binti sekondari hakutaka akae kupepeta mchele tu. Namtazama anavyohangaika kutii neno asilolisikia, nami sijui nimpende mara ngapi kwa siku. Bado nimechanganyikiwa. Lakini lile swali limeondoka, na hili lililobaki naweza kuishi nalo.

Kwaheri, Baba yangu. Hatutaipiga tena ovyo, nta isilike. Tutaipiga siku nitakapokuwa na mtoto anayejua kunyamaza kwa dakika mbili, nitamweka mbele ya pembe asikie kikohozi cha babu yake. Na sharti lako, vyovyote lilivyokuwa, tumelikubali sote wawili.

Leo asubuhi pembe nimeisugua kwa ndimu na jivu, inang'aa. Kijiwe nilikitoa kwanza.

Binti yako,
Mwanahamisi