Jelagat Lazima Anywe

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimetoka kukamua ng'ombe nikamkuta binti yangu Jelagat ametapika kitandani. Halafu tumbo likaanza – maji matupu. Mama yake, Cheptanui, yuko Keringet, amekwenda kumzika mama yake mzazi. Hawezi kurudi kabla ya Jumapili. Basi ni mimi. Nimefua, nimemlaza. Nyanya Wangare, jirani anayemwangalia nikiwa kazini, anasema nisimpe kitu, tumbo lipumzike.

Jumanne, 5 Machi
Anaendesha tu. Macho yameingia ndani. Nimemfunga mgongoni kwa shuka – wanaume wa zizini wakacheka, wacheke – nikaenda kwa dresa anayetibu wafanyakazi wa shamba la jirani. Yeye hakucheka. Alimfinya ngozi ya tumbo, akaitazama ikirudi polepole. Akaniambia: "Kinachoua ni kukauka. Mpe. Akitapika ngoja kidogo, mpe tena."

Maji ya kuchemsha, uji mwepesi wenye chumvi kidogo, kijiko kwa kijiko. Akizidi kulegea nimkimbize hospitali ya Nakuru, hata kwa lori la maziwa.

Nyanya Wangare amekasirika. Anasema watoto wake wawili walimfia hivyohivyo, akiwanywesha. Nimeendelea kumpa.

Jumatano, 6 Machi
Sikwenda kukamua. Kijiko. Anatapika. Nangoja. Kijiko.
Nyanya amekuja, amebeba vitambaa vichafu akaenda kuvifua.

Alhamisi, 7 Machi
Asubuhi amekojoa! Kidogo, njano kabisa, lakini nilitoka nje nikasimama peke yangu mpaka pumzi ikatulia. Kuendesha bado.

Alasiri Kimaiyo, nyapara wetu, akafika mlangoni. Bwana mwenye shamba ameuliza habari zangu. Ng'ombe wa zamu yangu wanakamuliwa na wenzangu, na wenzangu hao wanalalamika. Nisipofika jioni hii, nifunge mizigo niondoke shambani. Alikuwa bado anasema Jelagat akatapika uji wote. Na maji ya kuchemsha yalikuwa yamekwisha, Nyanya yuko kwake amelala.

Nikamweka mtoto mapajani kwa Kimaiyo, na kikombe cha uji mkononi.

"Mshike, mzee. Ngoja kidogo, halafu mpe. Usiache."

Nikachukua debe nikaenda mferejini. Nilikimbia kwenda, kurudi na debe limejaa sikuweza.

Sasa sufuria iko motoni, ninaandika nikingoja ichemke. Nyapara bado ameketi kwenye kiti changu, kofia ameiweka chini, anambembeleza Jelagat afungue mdomo. Kengele ya kukamua imelia. Ameinua kichwa, akasikiliza. Kisha akachota kijiko kingine.