Sauti Yako mu Kinywa ya Madame

Kabwe, mutoto yangu mwanamuke,

Mvua ilishusha udongo ya kaburi yako, nimeipandisha tena na mikono. Hapa Katuba banasema mama ya Kabwe anajivuna hata mu matanga. Banyamaze! Nani mwingine mu mutaa huu alizaa mutoto ya kufundisha muzungu?

Uliingia kulea batoto kwa bazungu Bayuda ba kisiwa ya Rodi, bale ba magazini ya kuuza vitambaa, ukaokota Kispanyole yao ya tangu babu ukiosha masahani. Halafu bwana, bibi yake ya kwanza alikuwa amekufa, akaoa Madame Mwingereza kutoka Bulawayo, na mama mukwe, mama ya bwana, hajui Kiingereza hata neno. Madame akakufuata mu jikoni umufundishe Kispanyole, na maulizo. Meza ni mwanamuke, kwa nini? Na "kuwa", kwa nini iko mbili, moja ya vile muntu alivyo, moja ya vile iko leo tu? Ulirudi ukicheka: "Mama, kila neno anaanza na mimi, mimi, mimi! Nikamwambia, Madame, acha hiyo mimi. Hata sisi mu Kiswahili, ukisema nakula, nani hajui ni wewe?" Tulicheka mpaka unga ya bukari ikaungua mu chungu.

Kisha kifua. Kisha damu mu kitambaa. Ee Mungu.

Siku ya matanga Madame alikuja na mama mukwe yake. Balikaa chini, kwenye mukeka, sawa na sisi. Madame akakulilia mu Kispanyole, na Kabwe, ilikuwa sauti yako! Vile unavuta neno mwisho, vile unasema "eee" mbele ya kujibu. Nilimushika mukono: sema tena, Madame. Sema tena.

Tangu pale ninapeleka mboga ya lengalenga kwa mulango yao ya nyuma, batake basitake. Nasikiliza. Lakini mama mukwe sasa anamufundisha yeye mwenyewe, anamunyoosha neno kwa neno, na kila neno inayonyooka, wewe unapotea mu kinywa yake. Jana nilisimama sana. Nikakupata mu ile "eee" tu. Nyumbani nikaijaribu na kinywa yangu. Ilitoka ya muzee.

Siwezi kubakataza. Ulitaka basikilizane, bale banamuke babili. Sasa banasikilizana, ni kazi yako, nitaisema mu mutaa muzima.

Lala, mama. Nitakwenda na lengalenga hata kesho, hata mu mvua, mpaka siku Madame atasema vizuri kabisa kama bao benyewe, bila sauti yako. Siku ile nitatandika mukeka ya matanga tena. Nitakulilia peke yangu.

Mama yako