Baba Rehema, Tumelala Hifadhini Mpaka Kumekucha

Baba Rehema, mume wangu,

Nimelala! Sikusinzia, wala sikujinyoosha tu nikisubiri kukuche. Nimelala hasa, nimekoroma, na shahidi wangu ni binti yako ambaye mpaka sasa ananinunia kwa kumnyima usingizi. Nimelala ndani ya hifadhi, kwenye lile hema lako la kijani, pale pale kando ya ziwa ulipopachagua wewe, na hakuna aliyekuja kunitoa. Nimerudi hapa Tensta jana, nimeoga mara mbili na nywele bado zinanuka moshi. Nikaona siwezi kunyamaza na jambo hili. Nakuandikia wewe, na wengine wakitaka wasome, maana waliokucheka mjini hapa walikuwa wengi na mimi ndiye niliyeongoza.

Nilikucheka kweli kweli. Mimi mtoto wa Tanga mjini, nimezaliwa kwenye nyumba yenye taa mlangoni, halafu mume ananiambia twende tukalale porini kwa raha zetu! Nikakwambia, "Watu wanakuja Ulaya kukimbia vichaka, wewe umekuja Ulaya kutafuta kichaka?" Wewe ukatabasamu lile tabasamu lako la Kisambaa, la mtu asiyebishana na asiyebadili mawazo. Ukaendelea kumenya chungwa lako.

Hadithi yenyewe ulinieleza baadaye, ndipo nikaacha kucheka. Ulisema kwenu Lushoto shamba lenu lilikoma kwenye mawe yaliyopakwa chokaa, na ng'ambo ya mawe ni msitu wa hifadhi. Mama yako aliingia humo kuokota kuni, zile zilizokauka zikaanguka zenyewe, na wewe mdogo umemshika kanga. Askari wa msitu akawatokea. Akachukua panga, akamtua mama mzigo, akakata kamba, kuni zikatawanyika. Akawapeleka ofisini kwao, mkakalishwa chini mpaka jioni. Lakini kilichokuuma wewe hakikuwa njaa wala kukaa chini. Ulisema mama yako, mwanamke ambaye akicheka husikika mlima wa pili, alimwambia yule kijana "samahani, baba" kwa sauti ambayo hukuwahi kumsikia nayo, na hukumsikia nayo tena.

"Siku moja nitalala msituni, Mama Rehema," ukaniambia. "Si kuiba, si kujificha. Nilale, kukuche, jua linipige usoni, na asitokee mtu wa kunifukuza." Wenzako walikuwa wanaota nyumba ya ghorofa Dar es Salaam. Wewe ulikuwa unaota kulala chini.

Unakumbuka mara ya kwanza? Tulichukua basi mpaka Spånga, treni mpaka Jakobsberg, kisha basi jingine, na mimi njia nzima nalalamika viatu. Tulipofika kwenye kibao cha hifadhi, chenye ile alama nyeupe ya nyota, ukasimama kama umeona simba. Rehema alikuwa bado shule ya msingi. Akakusomea kibao kizima kwa Kiswidi na kukutafsiria, kidole kikipita mstari kwa mstari: kupiga hema ruksa, mradi usikae zaidi ya usiku mmoja au mbili, moto uwashwe pale tu palipojengwa pa kuwashia, usikate mti, usivunje tawi, mbwa afungwe kamba. Akakugeukia, "Baba, man får!" Inaruhusiwa. Ukamwambia, "Kibao ni kibao, mwanangu. Mwenyewe yuko wapi?"

Hapo ndipo ulipofanya kile kituko chako, ambacho nikiwasimulia watu mpaka leo wanajishika mbavu. Uliona nyumba nyekundu upande wa pili wa bonde, ukasema hatuwezi kulala kwa mtu bila kupiga hodi. Na hodi haipigwi mikono mitupu! Ukanipokonya hotpoti ya maandazi, ukaenda. Tukakufuata kwa macho. Mzee wa Kiswidi akafungua mlango, suruali ameishikilia kwa mikanda ya mabegani, na wewe ukavua kofia ukamweleza kwa Kiswidi chako cha kuungaunga kwamba una mke na mtoto, ni watu wema, mnaomba kulala msituni usiku mmoja. Mzee akakutazama, akautazama msitu, akakutazama tena. "Skogen?" akasema, kwa ulivyonisimulia baadaye. Msitu? Msitu si wangu. Ukamuuliza ni wa nani. Akafikiri kidogo, akasema ni wako, wangu, wetu sote.

Ukarudi bila maandazi na uso umekunjamana. "Anasema hauna mwenyewe," ukaniambia kwa sauti ya chini. "Mali isiyo na mwenyewe ndiyo yenye askari." Tukabeba hema letu, tukageuza. Jioni hiyo hiyo tukala wali nyumbani, na maandazi yangu akala mzee wa watu na mkewe.

Mara ya pili tulikaribia, mume wangu, tulikaribia! Hema likasimama, chai ikachemka, hata mimi nikavua viatu. Mara tukasikia vishindo kwenye miti. Watu wanatokea huku na kule mbio, mavazi ya rangi kali, ramani mikononi, mmoja filimbi shingoni. Ukasema, "Kaeni chini, wote. Msikimbie." Nakuapia, ulikuwa umeshanyoosha mikono juu ya magoti, kama mtu aliyezoea kukamatwa. Kumbe ni mchezo wao, wa kukimbia msituni na kutafuta vituo kwa ramani! Mama mmoja akatupita akihema, akatusalimu "Hej hej!" na kupotelea kwenye miti. Rehema alicheka mpaka akalala chali. Wewe hukucheka. Ulitabasamu kwa ajili yake, ukanywa chai yako, na kikombe kilipokwisha ukaanza kung'oa vigingi.

Nilikuona mabega tu, ukitembea mbele yetu kwenda kituo cha basi, nikatamani kulia.

Kisha maradhi yakaja, tukasahau hema na mengine yote. Lakini wewe hukusahau. Siku zile za mwisho hospitali, ambapo hata maji ulikunywa kwa kijiko, uliniita karibu. Nikadhani unataka kuniusia kuhusu nyumba au Rehema. Ukasema, "Lile hema usimpe mtu." Nikakuitikia. Hema likakaa stoo ya chini ya jengo pamoja na baiskeli ya Rehema na masufuria ya shughuli. Sikuwa na ujasiri hata wa kuligusa.

Mwaka huu nimepata nyumba ndogo zaidi, humu humu Tensta, maana vyumba vyote vile vya nini na mimi peke yangu? Rehema akaja kunisaidia kusafisha stoo. Akalinyanyua hema. "Mamma, ska vi slänga det här?" Ananiuliza tulitupe! Nikamnyang'anya. Nikamwambia, "Kesho kutwa ni Jumamosi. Wewe na mimi, msituni." Akanitazama kama nimeugua. Na shoga yangu Mama Nakato wa Skärholmen, yule Mganda mwenye maneno, nilipomwambia kwa simu akapiga ukelele, "Wewe! Umepewa nyumba, unakwenda kulala nje?" Nikamjibu nakwenda kumalizia kazi ya mume wangu. Basi akaniambia nivae soksi ndefu kwa sababu ya kupe.

Nikavaa soksi ndefu. Nikavaa na suruali, Baba Rehema, na juu yake gauni, na juu yake koti lako. Kibao kipo vile vile. Safari hii nilikisoma mwenyewe, neno kwa neno, kwa sauti, Rehema akisahihisha. Nyumba nyekundu ipo pia, lakini sikwenda kupiga hodi. Niliinua tu mkono kwa heshima upande ule, nikapita.

Nisikufiche, jua lilipoanza kushuka nilitetereka. Unajua jua la hapa mwezi wa Juni lilivyo, linashuka bila kuondoka, na ule weupe unaobaki ndio unaotisha, kwa sababu unaona kila kisiki na kila kisiki kinafanana na mtu. Kitu kikabweka nyuma ya hema kwa sauti nzito iliyokauka. Nikamrukia Rehema shingoni. "Rådjur, mamma," akasema. Paa tu. Paa gani anabweka? Nikaanza kukunja blanketi. Rehema hakunizuia, mtoto wa watu, akatoa simu kuangalia basi la kurudi. "Ska vi åka hem?" akauliza kwa upole. Twende nyumbani?

Na mimi nikalitazama lile hema. Nikaona vile vigingi ulivyovinyoosha wewe kwa nyundo, kimoja bado kimepinda. Nikajiambia, nikiving'oa hivi leo, tutakuwa tumefukuzwa kwa mara ya tatu, na safari hii hakuna hata mtu wa kutufukuza. Yule askari wa Lushoto atakuwa ametufuata mpaka huku akiwa amekaa zake kwao, pengine na kaburi ameshaingia. Damu ikanichemka! Nikamwambia Rehema, "Weka simu. Haendi mtu hapa." Nikafungua blanketi, nikapiga bismillahi, nikajilaza upande wako. Nikazisoma zile sura nizijuazo zote, na ya mwisho sikuimaliza.

Nikafumbua macho kumekucha. Jua linapenya kwenye kitambaa cha hema na kila kitu ndani ni cha kijani, mpaka mikono yangu. Nikatoka, nikatawadha ziwani, maji baridi ya kukata vidole, nikaswali kwenye majani. Sijawahi kuswali hivyo. Nililia, ndiyo, lakini kilio cha furaha, kile cha mtu aliyeshinda. Nikawasha moto pale palipojengwa. Kuna kibanda kidogo chenye kuni zilizopasuliwa, zimewekwa na halmashauri kwa ajili ya yeyote atakayekuja, ila zilikuwa zimebaki chache. Nikabandika birika, nikatia tangawizi na iliki.

Ndipo gari likaja. Dogo, la wazi nyuma, linakuja taratibu kwenye njia ya msituni, likasimama mbele yangu. Akashuka binti mrefu, buti miguuni, nguo za kijani, beji kifuani. Askari wa msitu, Baba Rehema. Mwenyewe!

Mwili wangu ukasimama wima bila kuniuliza. Na neno lilikuwa limeshafika ulimini, kwa Kiswidi, lile lile la mama yako: samahani. Nilikuwa nafungua mdomo.

"God morgon!" akasema yeye kabla yangu. "Sov ni gott?"

Anauliza kama tumelala vizuri. Basi, hilo tu! Nikalimeza lile samahani, likashuka. Nikamjibu "Ja," nikarudia kwa nguvu mpaka bata wakaruka ziwani. "Ja! Mycket gott!" Tumelala vizuri sana. Akacheka, akafungua nyuma ya gari, na nyuma ya gari kumejaa nini? Kuni! Kuni kavu, zimefungwa mafungu kwa kamba. Ndiyo kazi iliyomleta asubuhi ile, kuwajazia wageni wa msitu kibanda chao.

Sikufikiri. Nilivua kanga mabegani, nikaizungusha ngata, nikaiweka kichwani, nikamsogelea. Nikamwonyesha fungu, nikamwonyesha kichwa. Binti akasitasita, akamtazama Rehema. Rehema, ambaye ameshaanza kububujikwa machozi, akamwambia kwa Kiswidi, "Msaidie tu." Yule binti akalinyanyua fungu kwa mikono miwili, polepole, akaniwekea kichwani, akashikilia mpaka lilipotulia.

Askari wa msitu amenitwika kuni, ndani ya hifadhi, mchana kweupe! Nikatembea nazo kutoka kwenye gari mpaka kibandani, mikono nimeining'iniza, shingo imenyooka, na vigelegele nikajipigia mwenyewe kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kunipigia. Nikarudi nikatwikwa tena. Tulipomaliza akanywa chai na sisi, akaomba ya pili, akauliza hayo majani ya chai yananunuliwa wapi.

Sasa hema lako nimelianika kwenye varanda, linakauka. Rehema anaulizia Jumamosi ijayo, na Mama Nakato amenipigia anataka kujua kama kuna choo. Mimi nina ombi moja kwako. Huko uliko, mtafute mama. Mkalishe vizuri, mwambie yule askari alimtua mzigo wake kwa nguvu, na mwenzake amenitwika mimi kwa mikono miwili. Mwambie kuni zimefika. Mwambie acheke kile kicheko chake, mpaka mlima wa pili usikie.

Na wewe, mpenzi wangu, lala. Lala mpaka jua likupige usoni, hakuna wa kukuinua.

Mkeo,
Mama Rehema