Maji Yamefika Dirishani

Mume wangu mpenzi,

Sisi tu wazima. Kuku wamehamia juu ya kabati, wanataga huko huko kama waliolipa kodi. Mimi na baba yako tuko juu ya meza. Mvua za siku hizi hazijui msimu; maji yamefika dirishani.

Jana boti la uokoaji lilikuja. Baba akagoma: "Mafuriko yaliyopita wezi walikomba mtaa mzima. Siondoki. Nenda wewe, mkwe wangu."

Nikapanda. Kisha nikakumbuka kwamba hawezi kusimama bila mkono wangu, nikashuka.

"Umesahau nini?"

"Mwavuli, baba."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Boti halijarudi.

Barua hii nitaituma maji yakipungua.

Mkeo