Maji ya Moto ya Baba

3 Juni

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na yale mafua yamekuachia. Sisi hatujambo, watoto wanaendelea na shule. Ila mimi nina hasira, na simu umenikatia mara mbili, ndiyo maana naandika. Barua haikatiki.

Mshonaji, jirani yenu, ameniambia jua halijaonekana huko wiki ya tatu sasa, na kila alfajiri Mama anachuchumaa uani kuchochea kuni ili wewe uoge maji ya moto. Mama huyuhuyu wa baridi yabisi ya magoti! Nilipowaletea lile tangi la sola la juu ya paa, ndani ya boksi mlikuwa na hita ya umeme ya kuchomeka tangini, ya kusaidia siku za mawingu. Iko wapi? Iko chini ya kitanda chako, haijatolewa hata kwenye nailoni. Na sababu naijua. Kuifunga kunataka fundi umeme, fundi umeme wa familia ni mume wangu, na wewe umeapa hatakanyaga kwako tangu alipokusahihisha mbele ya wageni. Ugomvi ni wenu, magoti ni ya Mama. Hiyo ni haki?

Mwanao,
kitindamimba

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, mafua yamekwisha. Mama yako naye hajambo, anawasalimu.

Nimefunga mabomba miaka thelathini na moja. Nimefunga hospitali, nimefunga shule, nimefunga nyumba ya bwana mmoja mwenye mabafu saba na mke mmoja. Leo mtoto niliyemwogesha kwa mikono yangu ananifundisha maji!

Hiyo hita yenu ni pambo. Mvua ikianza jua linaondoka, na umeme nao unalifuata. Siku unayoihitaji ndiyo siku haifanyi kazi. Gesi sikatai, lakini mama yako anaogopa mtungi. Kwa hiyo nimetengeneza koili ya bomba la shaba, nimeizungusha ndani ya jiko la kuni pale uani. Maji yanashuka kutoka tangini yakiwa baridi, yanapanda yakiwa moto. Hakuna waya, hakuna fundi wa mtu. Mama yako halalamiki. Anayelalamika ni wewe uliye mbali.

Baba yako,
fundi

15 Juni

Baba,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mama hajalalamika tangu nimfahamu, hata siku aliyong'olewa jino bila ganzi, kwa hiyo hiyo si hoja. Na mtungi wa gesi anayeuogopa si yeye, ni wewe.

Mkweo ameisoma barua yako. Ameniomba nikuulize kwa heshima zote: hiyo koili ina bomba la kupumulia, lililo wazi kule juu ya paa? Anasema maji yakichemka na mvuke ukakosa pa kutokea, hilo ni bomu. Nijibu upesi, Baba, na mpaka unijibu Mama asilisogelee hilo jiko.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, tunamshukuru Mungu.

Mwambie huyo bwana waya nilikuwa nafunga mabomba ya kupumulia yeye hajaota meno. Nililiweka. Likawa linatema maji ya moto paani mchana kutwa, hasara tupu, nikaliziba wiki iliyopita. Sasa maji yanachemka upesi kuliko zamani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu bado ni mimi. Usiniandikie tena habari za jiko.

Baba yako

9 Julai

Baba,

Shikamoo. Salamu hiyo naiandika kwa sababu Mama ameketi hapa kando na amesema bila hiyo, barua haitoki.

Siku ilipofika barua yako nilimpigia Mama simu mara tisa. Mara ya kumi ikapokewa na mshonaji, akiwa hospitali. Lakini hayo unayajua. Unajua koili ilipasuka kwenye kiungo, na mvuke ukamchoma mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Mshonaji ndiye aliyeruka ua, akammwagia maji baridi, akamkimbiza kwa daktari. Na aliyemtoa wodini akamleta kwetu ni mume wangu, ambaye kizingiti chako hakimtaki.

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Ungekuwa baba wa mtu mwingine ningekutukana. Usije.

Mwanao

18 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini nyote mu wazima. Poleni kwa yaliyotokea.

Koili nimeing'oa, shaba yake nimeigawa. Nimeita fundi umeme wa mtaa wa pili, ameifunga ile hita. Ina kidhibiti cha joto, nimekiweka digrii sitini. Ina saa pia: inawaka jioni tu, jua likishamaliza kazi yake, maana ukiiwasha asubuhi jua linakuta maji yameshapata moto na halina la kufanya. Kwa siku za kukatika umeme nimenunua hita ndogo ya gesi, mtungi uko nje kwenye kibanda. Nimeijaribu siku nne za mvua mfululizo. Mwambie mama yako arudi, maji ni ya moto.

Baba yako,
fundi

26 Julai

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Barua yako nimemsomea Mama mara mbili. Nilipofika kwenye jina lako akauliza, "Basi?" Nikamwambia basi. Akasema, "Digrii sitini zimetajwa. Mtungi umetajwa. Mkono wangu haukutajwa."

Vidole viwili havikunjiki tena. Vifungo vya nguo anafungiwa na mjukuu.

Kisha akasema jambo ambalo sikulielewa, na hataki kunieleza. Amesema nikuulize hivi: yule mshonaji, aliyekuwa kwake nyuma ya ua, alifikaje kabla yako?

Mwanao

30 Agosti

Mwanangu,

Msomee mama yako barua hii, usiruke neno.

Nilikuwa bafuni. Nilisikia kishindo, halafu nikamsikia akiniita. Aliniita mara mbili. Nilikuwa na sabuni kichwani, na maji yalikuwa moto vizuri, nikajiambia ni kuni zimeporomoka. Nikamaliza kuoga. Nikajifuta, nikavaa. Nilipotoka uani mshonaji alikuwa ameshamshika.

Daktari aliponiuliza nilisema sikusikia kitu. Nawe ulipopiga nilikata simu.

Mwambie mumeo swali lake lilikuwa sahihi, na nililielewa siku ileile nilipolisoma.

Mkono wake unaendeleaje? Ni vidole vipi viwili?

Baba yako