Kibao cha Gathogo

Munyaka, Eldoret
Juni 1986

Kwa Shemeji Zachariah,

Pokea salamu zetu. Mahindi yamefika magotini, na binti yetu Nduta ameng'oka jino la mbele, sasa anacheka akifunika mdomo.

Unamjua ndugu yako Gathogo na maigizo yake. Mwaka jana wageni walitoka Kimumu kutafuta kikundi chake kwa sherehe ya shule. Wakazunguka Munyaka nzima, mwisho wakachukua kikundi kingine chenye kibao kando ya barabara. Gathogo aliumia. Akasema msanii asiyeonekana ni kama hajazaliwa. Basi akamwita Kipngetich, fundi wa mabango, akatuandikia kibao kizuri ajabu, bluu na nyekundu: CHAMA KIPYA CHA MAIGIZO, KARIBUNI WOTE.

Sisi tukisema chama, si ni kama kile cha akina mama cha kununuliana sufuria? Lakini chifu alisimama akasoma, akarudia kusoma. Akauliza, "Gathogo, nchi hii ina vyama vingapi? Si ni kimoja tu, cha serikali?" Ndugu yako akadhani ni mzaha, akacheka.

Askari walimchukua Jumanne. Kila ninapoenda kuuliza, naambiwa mtu wa jina hilo hawamjui. Sijui tena niende wapi. Barua hii naituma kwa mkono wa mtu, posta naiogopa.

Kibao nimekigeuza, kinaangalia ukuta. Ukija, Shemeji, usiulize mtu njia. Utatujua tu: ni ile nyumba ambayo watu wakiikaribia wanavuka barabara.

Ni mimi,
Nyaguthii, mke wa ndugu yako